Uzi: Vyakula halisi baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo, kwa walioko Arusha na Moshi

#1 Mpishi_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Karatasi za lishe ambazo watu hupewa baada ya upasuaji, wawe wamefanyiwa Dar, Nairobi au India, nyingi zimeandikwa kwa mtu mwenye supamaketi mlangoni: jibini laini la dukani, bata mzinga, poda ya protini ya kopo. Mgonjwa akirudi Sakina au Majengo anazunguka sokoni, havioni, anaishia kwenye uji na ndizi za kuponda. Tumbo linajaa, kilo zinashuka, ila katika kilo hizo mna misuli mingi, si mafuta peke yake. Hoja yangu ni moja: Soko la Kilombero na la Mbuyuni yana kila kinachohitajika, mradi sahani ya kwetu igeuzwe. Kitoweo kiwe ndicho mlo, ndizi na ugali viwe vya kusindikizia.

Tuelewane kwanza kuhusu tumbo lenyewe. Kwenye upasuaji wa slivu, daktari huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Kwenye upasuaji wa baipasi hutengenezwa kifuko kidogo cha ml 30 hivi kinachounganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, ambako chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Wa slivu shida yake kubwa ni nafasi. Wa baipasi ana shida ya nafasi na ya ufyonzaji. Mwenye puto la kuwekwa tumboni ana utaratibu wake, simzungumzii hapa.

Ratiba ambayo kliniki nyingi hufuata ni hii: siku ya 1 na ya 2, maji na supu nyepesi iliyochujwa, funda dogo dogo. Hadi mwisho wa wiki ya 2, vinywaji vyenye protini visivyo na bonge hata moja. Wiki ya 3 na ya 4, vyakula vilivyosagwa laini. Wiki ya 5 na ya 6, vyakula vinavyopondeka kwa mgongo wa uma. Kuanzia wiki ya 7 au 8, chakula cha kawaida, kimoja kimoja, ili kikikusumbua ujue ni kipi. Daktari wako akikupa ratiba tofauti, fuata yake, maana yeye ndiye anayejua alivyoshona.

Kwa siku: protini gramu 60 hadi 80, maji na vinywaji visivyo na sukari lita 1.5 hadi 2. Mlo huanza na vijiko 2 hadi 4 vya chakula, na baada ya miezi kadhaa hufika kama kikombe kimoja. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Usinywe wakati unakula, na usubiri dakika 30 baada ya kumaliza ndipo unywe.

Kwa nini vyakula halisi na si vya kiwandani? Acha habari ya sumu na kusafisha mwili, hiyo tuwaachie wauza vipeperushi. Sababu ni ya kimwili. Biskuti, krispi na keki huyeyuka mdomoni na kuteleza kifukoni bila kukaa, kwa hiyo mtu aliyeondolewa robo tatu ya tumbo anaweza kumaliza pakiti nzima akitazama tamthilia na asisikie kushiba. Kipande cha samaki cha gramu 60 kinakaa, na kinakwambia basi. Ukila laini na tamu, upasuaji unakuwa haukusaidii.

Karibuni wenye ujuzi tujaze mapengo.

#2 LisheNaHesabu

Uzi mzuri mkuu. Naweka hesabu za protini za vitu vya sokoni, makadirio ya chakula kilichokwisha kupikwa.

Yai 1: gramu 6
Perege au sato, gramu 100: gramu 26
Paja la kuku bila ngozi, gramu 100: gramu 25
Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 100: gramu 26
Maziwa ya ng'ombe au mtindi, ml 250: gramu 8
Maharage, nusu kikombe: gramu 7 hadi 8
Choroko, gramu 100: gramu 7
Unga wa dagaa, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa: kama gramu 5
Ugali, gramu 100: gramu 2 hadi 3
Ndizi za kuchemsha, gramu 100: gramu 1 hivi

Angalia mstari wa mwisho. Mtu mwenye nafasi ya vijiko vinne akiijaza na ndizi, amepata gramu moja ya protini na nafasi imekwisha. Kula kwa zamu: protini kwanza hadi imalizike, mboga, kisha wanga kama bado pana nafasi. Usichanganye vyote kijiko kimoja.

Mfano wa siku ya wiki ya 5 au 6: saa 1 asubuhi yai moja la kuchemsha lililopondwa na vijiko viwili vya mtindi uliochujwa. Saa 4, mtindi uliochujwa gramu 100. Saa 7 mchana, perege wa mchuzi gramu 60. Saa 10, maziwa ml 250 polepole. Saa 1 usiku, kuku wa kusaga gramu 60 na vijiko viwili vya choroko. Kabla ya kulala, maziwa ml 200. Inafika kama gramu 62, bila poda ya kopo. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya betri, ile ya waoka keki. Kukadiria kwa macho miezi ya kwanza hakufai, kwa sababu mkono bado una vipimo vya zamani.

#3 Bibi_Mshare

Mtori ndio chakula bora cha wiki ya 3 na ya 4, lakini si ule wa kumpelekea mzazi. Ule ni ndizi nyingi na vinyama vya kutafuta kwa mwiko, juu yake siagi. Huu unapikwa hivi.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta gramu 400, ikatwe vipande vidogo. Ndizi mshare 2 tu, kama gramu 200 zikishamenywa. Kitunguu kimoja, tangawizi, chumvi kidogo. Pilipili iache kwanza.

Nyama ichemke peke yake hadi ikibanwa na vidole iachane. Sufuria ya kawaida itachukua saa moja na nusu hadi mbili, presha kuka kama dakika 45. Ndizi ziloweke kwenye maji ya ndimu zisigeuke nyeusi, kisha zipikwe kwenye supu ileile dakika 20 hadi 25.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanamwaga vyote kwenye blenda kwa pamoja. Wanga wa ndizi ukisagwa muda mrefu unavutika na kuwa gundi, na gundi hiyo inaficha nyuzi za nyama ambazo hazijasagika. Mgonjwa anameza, nyuzi zinajikusanya kwenye mlango wa kifuko, anaanza kutema mapovu. Saga nyama kwanza na supu peke yake, dakika mbili nzima, pitisha kwenye chujio la chai ukikandamiza na mgongo wa kijiko. Kinachobaki juu ya chujio rudisha kwenye blenda. Kikishapita chote ndipo utie ndizi, sekunde 15 zinatosha. Ongeza supu hadi ipate kama lita moja.

Nusu kikombe cha mtori huo kina kama gramu 10 za protini. Ukipoa unakuwa mzito, mwongezee supu ya moto, si maziwa.

Kugandisha: gandisha nyama iliyosagwa peke yake kwenye trei ya barafu, ndizi zipikwe siku hiyohiyo. Ndizi iliyosagwa ikitoka kwenye friza inaachana na maji na kuwa kama mchanga mdomoni.

Kwa ndugu zetu wa Arusha na Moshi: loshoro (mahindi na maziwa mgando) na kiburu (ndizi na maharage) visubiri hadi miezi mitatu, na vikija, kiasi kiwe kijiko kimoja au viwili baada ya kitoweo.

#4 Kijana_wa_Hai

Bibi shikamoo, asante kwa elimu. Swali: uji wa lishe wa nafaka saba je? Kila ndugu anayekuja kumwona mgonjwa anakuja na kilo mbili za unga.

#5 LisheNaHesabu

Wapokee, washukuru, mpe jirani mwenye watoto.

Uji huo una matatizo matatu kwa mtu wa namna hii. Kwanza ni wanga unaonyweka: unapita kifukoni haraka, njaa inarudi baada ya saa moja. Pili, hauliwi bila sukari, na sukari ya uji kwa mtu wa baipasi ni tiketi ya kizunguzungu. Tatu, nafaka, karanga na soya zisizolowekwa wala kuchachushwa zina faiteti, zinashika chuma na zinki, vitu ambavyo tayari anavipata kwa shida. Kama lazima awe na uji, uwe wa ulezi uliochachushwa usiku kucha, mwepesi, robo kikombe, upikwe na maziwa badala ya maji, bila sukari. Huo ni wa kubadilisha ladha, usihesabiwe kwenye protini ya siku.

#6 Bibi_Mshare

Marahaba mwanangu. Na mwenye kuja na chupa ya asali naye vilevile. Asali ni sukari.

#7 Mama_Tengeru

Niongeze upande wa mikunde, maana wengi hawawezi kununua samaki na kuku kila siku, na siku za Jumatano na Jumamosi Tengeru inajaa maharage na choroko.

Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, suuza. Maji mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hilo si la hiari kwa maharage mekundu: yana kitu kinachotapisha vibaya kama hayakuchemka sawasawa, na moto mdogo wa makaa tangu mwanzo hautoshi kukiua. Halafu kumbukeni Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemkia kwenye nyuzi 95 na kidogo, si 100. Ndiyo maana maharage ya huku hayaivi upesi, na ndiyo maana watu wanakimbilia magadi.

MSITIE MAGADI. Natumia herufi kubwa makusudi. Magadi yanalainisha maharage kweli, lakini pia yanaharibu vitamini B1, na B1 ndiyo vitamini ambayo aliyefanyiwa upasuaji huishiwa nayo mapema kuliko zote. Tumia presha kuka, dakika 25 hadi 30 kwa maharage yaliyolowekwa. Ni bei, lakini mkaa nao ni bei.

Wiki ya 3 na ya 4, maharage yapitishwe kwenye chujio ili maganda yabaki. Maganda ndiyo yanayoleta gesi na kukwama. Choroko zilizoparazwa na kuondolewa maganda ni rahisi zaidi kuanza nazo. Vijiko viwili, usubiri siku mbili, uone.

#8 Fundi_Chujio

Hapo kwenye magadi Mama ametaja nusu. Nusu ya pili ni floridi. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mg 1.5 kwa lita. Ndiyo ile kahawia mnayoiona kwenye meno ya watu. Magadi yanaongeza floridi nyingine juu ya ile ya maji.

Sasa mtu ameambiwa anywe lita mbili kila siku maisha yake yote, na mifupa yake tayari iko kwenye hatari ya kupungua madini kwa sababu ya upasuaji. Asijiongezee mzigo. Kuchemsha hakuondoi floridi: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale na kukolea. Chujio za kawaida za mishumaa nazo haziiondoi. Zinazofanya kazi ni za mkaa wa mifupa, na mkaa huo una ukomo, ukijaa lazima ubadilishwe. Njia nyingine ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au ya chupa ambayo lebo yake imeandika kiasi cha floridi. Watu wa Moshi mjini hali yenu kwa kawaida ni nafuu, ila wa kisima apime.

#9 NesiWaZamu

Niseme ya kwenda mrama, kwa sababu mengi yanachanganywa na kuitwa "tumbo limemkataa".

Kukwama: maumivu au mgandamizo katikati ya kifua wakati wa kula au dakika chache baada, mate mengi mdomoni, kisha mapovu meupe. Sababu ni tonge kubwa, haraka, au chakula kikavu. Wanaoongoza ni nyama choma, kifua cha kuku cha kukaanga, chapati, mkate mweupe laini, ugali mgumu na wali. Mkate na chapati hurudi kuwa donge la unga likilowa. Simama, tembea, acha kula, usisukume kwa maji, maana maji hayana pa kupita na yatarudi na kila kitu. Mara nyingi inaachia yenyewe. Ikipita saa kadhaa hata mate hayashuki, nenda hospitali.

Kinga yake: nyama ikatwe ukubwa wa harage kabla haijafika mezani, itafunwe mara 20 hadi 30, uma uwekwe chini kati ya tonge na tonge.

Dampingi: hii ni ya baipasi hasa, ingawa slivu nao huipata. Ya mapema huja dakika 10 hadi 30 baada ya kula: moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kusokota, kuhara. Sukari imeshuka utumboni kwa ghafla na kuvuta maji. Ya baadaye huja saa 1 hadi 3 baada ya kula: kutetemeka, njaa kali, kuona giza. Hapo mwili ulimwaga insulini nyingi, sukari ya damu ikaporomoka. Juisi ya miwa, soda, juisi ya parachichi yenye sukari, na hata ndizi mbivu mbili za kusaga zinatosha kuleta zote mbili. Ya baadaye ikimshika mtu, apewe kitu kidogo chenye sukari kisha ndani ya nusu saa ale protini, la sivyo itarudi tena.

Sasa la hatari kuliko yote. Mtu akitapika kila siku kwa wiki moja au mbili, iwe ni kwa kukwama au kovu lililobana, akiba ya B1 inaisha. Dalili ni kuyumba akitembea, macho kucheza au kuona viwili viwili, kuchanganyikiwa. Nyumbani watasema amerogwa au amelewa. Huyo apelekwe leo hii, na wanaompeleka wamwambie daktari waziwazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na anatapika, ili apewe thiamini ya sindano KABLA ya dripu ya sukari. Dripu ya glukosi ikitangulia inamaliza ile B1 kidogo iliyobaki na ubongo unaumia. Iandikeni kwenye kadi, ikae kwenye pochi.

Na wiki za kwanza: homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika. Hiyo inaweza kuwa uvujaji kwenye mshono. Usimpe supu, mpe gari.

#10 Mti_Dawa

Nawasoma vizuri, ila mbona mnaelekea kwenye vidonge? Kama mtu anakula vyakula halisi, mnafu, mchicha, na kijiko cha mlonge kila asubuhi, vidonge vya nini? Wazee wetu hawakumeza vidonge.

#11 MfamasiaKona

Wazee wetu walikuwa na tumbo zima, ndugu yangu.

Mlonge una virutubisho, sibishi. Lakini hauna B12, na hakuna mmea unaotegemewa kwa B12. Na hata anayekula maini, B12 ya chakula inahitaji asidi na kitu maalumu kinachotengenezwa na tumbo, sehemu ambayo imeondolewa au imerukwa. Mchicha nao una oksaleti zinazoshika kalsiamu yake yenyewe. Mboga hizi zina kazi yake, folati na nyuzinyuzi, ila hazizibi pengo hili.

Viwango vya kawaida vya mtu mzima, kliniki itarekebisha kwa vipimo: multivitamini kamili kila siku, yenye B1 angalau mg 12. B12 mcg 350 hadi 1,000 ya kumeza kila siku, au sindano ya mcg 1,000 kila mwezi. Vitamini D3 IU 3,000. Kalsiamu mg 1,200 hadi 1,500, igawanywe, isizidi mg 600 kwa mara moja, na iwe ya aina ya sitreti kwa sababu ile ya kabonati inahitaji asidi ya tumbo. Chuma halisi mg 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa wa baipasi. Kidonge cha fero salfeti cha mg 200 kina chuma halisi mg 60 hadi 65.

Kupanga saa ndiko kunakowashinda wengi. Chuma na kalsiamu vipishane saa 2, kwa sababu kimoja kinamzuia mwenzake. Chuma kisimezwe na maziwa wala chai. Chai ya rangi na kahawa, hata kahawa nzuri ya Kibosho, zikae mbali na chuma kwa saa moja au mbili. Mpango rahisi: kalsiamu asubuhi na mchana baada ya mlo, chuma usiku na kipande cha chungwa.

Dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia zisitumike, hasa kwa wa baipasi, zinachimba kidonda penye mshono. Parasetamoli inatosha. Na mwenye kisukari au presha arudi kupimwa mapema. Dozi za zamani kwa mwili mpya zinaweza kumwangusha, sukari na presha hushuka kabla hata uzito haujashuka sana.

Vipimo vya damu: miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka. Hata ukijisikia mzima.

#12 Mti_Dawa

Sawa mkuu, la B12 nimelielewa. Mlonge siuachi lakini.

#13 MfamasiaKona

Usiuache. Kijiko cha chai, na vidonge pembeni.

#14 Mpishi_Kaskazini

Mtindi uliochujwa umetajwa bila maelezo, naujazia.

Maziwa lita moja, yachemshwe kwanza hadi yafure. Kanda ya kaskazini ina brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na aliyefanyiwa upasuaji ana asidi kidogo ya kuua vijidudu, kwa hiyo maziwa mabichi ya kugandisha kwenye kibuyu, na mlaso (damu iliyochanganywa na maziwa) usiopikwa, si vyake tena. Yapoe hadi kidole kivumilie kwa kuhesabu kumi, tia vijiko viwili vya mtindi mpya usio na sukari, funika, weka ndani ya hotpoti saa 8. Kisha mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, funga, ning'iniza juu ya bakuli ndani ya friji saa 4 hadi 6. Unabaki na kama gramu 350 hadi 400, zito la kusimamisha kijiko, protini gramu 7 hadi 9 kwa kila gramu 100. Ukikuta ni mchachu sana, ulikaa mno kwenye joto, si kosa la maziwa. Majimaji yanayodondoka usimwage, pikia supu.

Anayesumbuliwa na maziwa baada ya baipasi mara nyingi mtindi anauweza, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria. Anunuaye wa pakiti asome: ukiandikwa "vanila" au "stroberi" una sukari.

Dagaa: toa vichwa, osha maji matatu au manne hadi mchanga uishe, kausha kwenye kikaango bila mafuta hadi wavunjike, saga, chekecha. Kijiko kimoja kwenye mtori au mchuzi wa mboga. Kalsiamu yake ni ya kweli.

#15 Mama_Tengeru

Matunda na mboga kwa ufupi. Papai ndilo la kwanza, wiki ya 5. Parachichi robo moja, laini, lakini ni mafuta mengi, na huku kwetu moja moja lina ukubwa wa kumshinda hata mwenye tumbo zima. Embe lisiwe la nyuzi. Chungwa limenywe hadi ngozi ya kila kipande itoke, kwa sababu ngozi hizo, pamoja na nyuzi za embe, kiini cha nanasi na nazi, hushikamana tumboni zikawa bonge linaloziba njia, na bonge hilo huondolewa hospitali. Muwa usitafunwe.

Mchicha, mnafu, figiri: tumia majani tu, vikonyo vitupwe, katakata ndogo sana kabla ya kupika na si baada. Mnafu uchemshwe bila magadi, uchungu upunguzwe kwa maziwa kidogo. Saladi ya kabichi mbichi isubiri miezi mitatu.

#16 Kijana_wa_Hai

Na sherehe? Desemba inakuja, watu wanapanda nyumbani, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) na mbege (pombe ya ndizi) havikwepeki.

#17 NesiWaZamu

Ndafu inakwepeka kwa heshima: omba nyama ya karibu na mfupa, sehemu yenye unyevu, gramu 50, kata ndogo, tafuna, weka mchuzi juu. Supu inywe kabla, nusu saa kabla, si pamoja na nyama. Pilau acha.

Mbege ina mambo matatu kwa mpigo: pombe, sukari ya ndizi, na gesi kwa sababu bado inachachuka. Pombe baada ya upasuaji huingia kwenye damu haraka na kukaa muda mrefu, kata moja inaweza kuwa kama mbili au tatu za zamani. Mwaka wa kwanza usinywe kabisa. Ukipokezwa kata ya heshima na wazee, ishike, ugusishe midomo, umpe wa pembeni. Na usiendeshe gari.

Wanawake: uzazi hurudi upesi uzito ukishuka, hata kwa aliyehangaika miaka. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na kwa wa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea, aulize njia nyingine.

#18 Shemeji_Usa

Wakuu, mwezi wa nne sasa tangu slivu, mgonjwa wetu anaomba makande. Mnasemaje?

#19 Bibi_Mshare

Shemeji, mpe, ila ya mahindi yaliyokobolewa. Ganda la hindi zima halisagiki na meno wala tumbo. Maharage yawe mengi kuliko mahindi, mawili kwa moja, presha kuka dakika 50 kwa vilivyolowekwa pamoja. Ukiminya hindi moja likapondeka kati ya vidole bila kubaki kiini kigumu, tayari. Kijiko kimoja cha parachichi juu, chumvi kidogo. Aanze na vijiko vitatu, mchana, asile usiku wa kwanza ambapo hamtajua kama ni gesi au ni kitu kingine.

#20 Shemeji_Usa

Nimekusoma Bibi. Yapo kwenye maji tangu saa mbili.